Ubatizo wa Kitanda cha Dirishani

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ya harusi nimesahau nyimbo, nimesahau hata ni nani aliyenisuka. Lakini ile ya wodini naijua yote, mpaka maandishi ya kanga aliyofunikwa yule mtoto.

Kaa basi. Weka hiyo simu pembeni kidogo. Juzi ulinionyesha humo ndani kijana mmoja akiwashinda wenzake habari za Utatu Mtakatifu, ukacheka mpaka ukapiga paja, ukaniuliza, "Bibi, umeona alivyowanyoosha?" Nikanyamaza. Usidhani sikusikia, masikio yangu bado mazima, magoti ndiyo yaliyoniaga. Nilinyamaza kwa uchovu. Hapa Kibamba Jumapili ikifika spika zinapokezana tangu alfajiri. Huyu anasema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, wa mtaa wa pili anasema ukibatizwa kwa majina hayo matatu umelowa tu, yakupasa urudi ubatizwe kwa jina la Yesu peke yake, na wa kule bondeni anawacheka wote wawili. Mungu wangu simchoki. Kelele hizo ndizo zinazonichosha, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wapiga kelele, tena hodari kuliko huyo kijana wako.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nesi mpya katika wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya huko Temeke. Jina la kituo liache. Enzi hizo mihadhara ilikuwa imepamba moto. Waislamu na Wakristo walikutana kwenye viwanja vya mpira, meza huku na meza kule, vitabu vimerundikwa, kipaza sauti katikati, na watu wamejaa hadi juu ya kuta. Utatu ndio ulikuwa nyama ya mchuzi. Huyu akisema moja jumlisha moja jumlisha moja ni tatu, mwenzake alimjibu kwamba moja mara moja mara moja ni moja, na umati ulilipuka kama timu imefunga goli. Mimi nilikuwa na daftari langu la aya, nimeziandika kwa wino wa rangi mbili. Nililibeba kwenye mfuko wa gauni la kazi pamoja na kipimajoto.

Mkunga niliyefanya naye zamu alikuwa Bi Mwanahamisi, Mzaramo wa Mbagala, mtu mzima wa kutosha kunizaa. Alikuwa amewapokea watoto wengi mpaka baadhi yao walikuwa wanarudi kujifungulia mikononi mwake. Swala haikumpita. Nami kila tukipata nafasi nilimchokoza. Namwambia, "Bi, hebu nikueleze kuhusu Utatu." Yeye anakunja mashuka, anacheka, anasema, "Mie Mungu wangu mmoja, hana mwenziwe. Wewe wako unamjua mwenyewe. Hebu nishikie ncha ya shuka hili." Nikadhani nimemshinda kwa kuwa hakubishana.

Asubuhi ya siku ile tulikuwa na mzazi mmoja kwenye kitanda cha dirishani, jina lake Veronika, Mngoni wa Songea, Mkatoliki kama mimi. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mimba ikiwa ya miezi saba tu. Alipoteza damu nyingi, yuko na dripu, hana nguvu hata ya kujigeuza. Mumewe, Damasi, alikuwa anavunja mawe huko Kunduchi, ametumiwa ujumbe na hajafika. Daktari alishatuambia pembeni kwamba mapafu ya mtoto bado hayajakomaa, na pale kwetu hakuna cha kumfanyia zaidi.

Nilipokwenda kumpima joto, Veronika alinishika mkono. "Nesi, wewe si mwenzangu wa kanisani? Rozari yako nimeiona."

"Ndiye, dada."

"Mtoto wangu hajabatizwa. Nataka nimsubiri baba yake ampe jina. Tena naogopa. Nikimbatiza sasa hivi ni kama nimemruhusu aende." Akameza mate. "Ila ukiona anazidiwa, unibatizie. Niahidi."

Nikamwahidi, mwanangu. Kwa mdomo huu huu ninaokulia ugali wako.

Mchana ule, kwenye kiwanja kisicho mbali na kituo, kulikuwa na mhadhara. Mada ilikuwa Utatu. Vijana wa parokia walikuwa wameniambia nije na swali langu. Saa nane ilipofika, miguu ikaanza kuniwasha. Nikamwendea Bi Mwanahamisi. "Bi, nishikie wodi nusu saa tu."

Akaniangalia. "Nenda. Ila yule mtoto wa dirishani simpendi anavyovuta pumzi."

Nikaenda kumwona. Kifua kilikuwa kinaingia ndani na kutoka, haraka haraka, kama cha kifaranga kilichonyeshewa. Nilikiona, mwanangu. Nisingekiona ningekuwa na la kujitetea. Nikajiambia nusu saa si kitu, nikavuka barabara.

Wakubwa walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa vyote viwili. Nilipewa kipaza sauti. Mzungumzaji wa upande wa Waislamu aliuliza inakuwaje watatu wawe mmoja, nikamjibu kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe: "Maji ni maji! Yakigandishwa ni barafu, yakichemshwa ni mvuke. Vitatu, na kitu ni kile kile!" Lo! Watu wakasimama. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu akanirushia kitenge mabegani. Niliulizwa tena nikajibu tena, na ile nusu saa ikawa saa nzima na kitu.

Nikarudi natokwa jasho la furaha.

Wodi ilikuwa kimya. Mlikuwa na wazazi wengine wawili, majirani wa Mtoni, wameinamisha vichwa. Juu ya kitanda cha dirishani Veronika amelala amekumbatia kifurushi kidogo, kimefunikwa kanga ya Bi Mwanahamisi mwenyewe. Bi Mwanahamisi ameketi kwenye stuli karibu yake, mikono imelala mapajani.

Veronika aliponiona hakunilaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Aliniambia taratibu, "Amekwenda, nesi. Lakini amebatizwa. Anaitwa Filipo."

"Nani kambatiza?"

"Mama huyu."

Baadaye nilikuja kuambiwa jinsi ilivyokuwa. Mtoto alipobadilika rangi, Veronika alijaribu kusema mwenyewe yale maneno, kilio kikamkatiza, maji yakamwagika shukani. Akamgeukia Bi Mwanahamisi: "Mama, nisaidie. Mmwagie maji kichwani, useme nitakavyokwambia." Bi Mwanahamisi akasita. Wale wazazi wawili walimwona akisita. Kisha akaenda akachota maji kikombeni, akarudi. Veronika akawa anamnong'oneza neno baada ya neno, naye anafuatisha, huku anamimina kidogo kidogo, mpaka mwisho: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto akavuta pumzi mbili tatu zaidi, basi.

Hayo nilikuwa sijayajua. Nilichojua ni kwamba niliahidi na sikuwepo. Aibu ilinipanda kama homa, nami sikujua pa kuiweka. Mtu mwenye aibu, mwanangu, hutafuta wa kumtwisha. Kelele za uwanjani zilikuwa bado zinanivuma kichwani. Nikasema, tena kwa sauti ile ile ya kipaza sauti, "Huyu? Huyu ni Mwislamu! Utatu wenyewe anaukataa, atabatizaje kwa jina asiloliamini? Huo si ubatizo, dada. Hayo ni maji tu."

Maji tu.

Nimewaona watu wakifa mbele yangu, ndiyo kazi niliyoifanya. Lakini uso wa Veronika dakika ile sijauona tena kwa mtu yeyote. Hakulia. Alivuta kile kifurushi kifuani, akakibana, akasema, "Basi mwanangu hana jina."

Damasi alipofika na vumbi lake la mawe, alimkuta mkewe hataki kumtoa mtoto. Ndugu walikuja kuandaa mazishi, Veronika akakataa. "Mnakwenda kuzika nini? Hajabatizwa. Nesi kasema." Damasi akanitazama. Alikuwa mtu mkubwa, mikono yake mipana, na akaniuliza kwa unyonge kabisa, "Nesi, yuko wapi sasa mtoto wetu?" Nami na daftari langu la wino wa rangi mbili sikuwa na aya.

Bi Mwanahamisi akanivuta kwenye chumba cha kuoshea vyombo, akafunga mlango. Nilitegemea anitukane. Alikuwa amechoka tu. Akaniambia maneno machache, nayo nitayabeba hadi kaburini.

"Mie nimempa maji. Wewe umempa nini?"

Nikaanza kulia.

"Usinililie mie. Kamlete padri wako. Kama yapo maneno ya kumtuliza yule binti, mwenye nayo ni yeye. Nenda sasa hivi, usisimame njiani kubishana na mtu."

Nikaenda mbio. Padri wetu alikuwa mzee, mtu wa kukohoa, asiyependa makuu. Sikumficha neno. Akavaa kofia yake, tukaja.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda, akamsalimu Veronika, akaweka mkono juu ya ile kanga. Kisha akamgeukia Bi Mwanahamisi kwa heshima. "Mama, ulitumia maji?"

"Ndiyo, Padri. Ya bombani."

"Ulisema maneno gani?"

Bi Mwanahamisi akatazama sakafu. "Naomba nisiyarudie. Niliyasema mara moja kwa ajili yake, mie si maneno yangu. Muulize mama mtu, ndiye aliyenitamkisha."

Veronika akayasema, neno kwa neno. Padri akaitikia kwa kichwa. "Na wewe, mama, ulipokuwa unafanya vile, ulikusudia nini?"

"Nilikusudia alichokusudia mama yake. Alitaka mtoto apate ya kwao kabla hajaondoka. Mdomo wake ulishindwa, nikamwazima wangu. Moyo wangu uko kwa Mola wangu, sikuutoa kwa mtu."

Padri akainama karibu na Veronika, akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: "Sikiliza, binti yangu. Palipo na hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyekuwa Mkristo, madhali ametumia maji, na maneno ndiyo hayo, na nia ni kufanya linalofanywa na Kanisa. Kanisa limefundisha hivyo tangu kale. Filipo amebatizwa. Sina cha kuongeza juu yake."

Hapo ndipo Veronika alipolia. Alilia mpaka jua likaanza kushuka, kisha akamkabidhi Damasi mtoto. Wakamzika kesho yake, Padri akiwa mbele. Na kwenye daftari la ubatizo la parokia, palipoandikwa jina la aliyebatiza, Padri aliandika Mwanahamisi, na jina la baba yake. Nililiona kwa macho yangu.

Baada ya mazishi Padri alinibakiza uani kwake. Akaniuliza niliwaambia nini watu kule uwanjani. Nikamweleza habari za maji na barafu na mvuke, na nakuungamia, mwanangu, hata katika majuto yale bado nilikuwa na tone la majivuno.

Padri akacheka kidogo, akakohoa. "Hilo la barafu ni kosa, Sesilia. Maji yale yale hayawezi kuwa barafu na mvuke kwa wakati mmoja. Ukisema hivyo umesema Mungu ni mmoja anayebadilisha nguo: leo Baba, kesho Mwana. Kanisa lililikataa fundisho hilo zamani za kale. Umeshangiliwa kwa uzushi."

Nikatamani ardhi inimeze.

"Usihuzunike sana," akasema. "Mimi nimesomea mambo hayo miaka mingi, na kila nikidhani nimeyashika yananiponyoka. Lakini hili moja nalishika. Tunaposema Baba na Mwana na Roho, tunasema Mungu ni mmoja na wala si mpweke. Ndani yake mwenyewe mna kupendana, tangu hakujawa na kitu. Wewe ulikwenda kumtetea Mungu wa namna hiyo, ukamwacha mwanamke peke yake na mtoto anayekufa. Sasa niambie, ulikuwa unamtetea nani?"

Padri alishafariki zamani, swali lake bado ninalo.

Ungependa niishie hapo, kwa kuwa Veronika alitulia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilisema kwa sauti, unakumbuka? Wale wazazi wawili wa Mtoni walisikia. Wenyewe wasingemsema vibaya, kwani walimwona Bi Mwanahamisi anavyotenda na walilia pamoja naye. Ila mimi nililifanya kuwa ishu ya dini, na ishu ya dini hailali mahali pamoja. Ilitoka Mtoni ikafika Mbagala imevimba: Mwanahamisi kabatiza, Mwanahamisi kaingia kanisani, Mwanahamisi kavaa msalaba.

Nilichelewa miezi mitatu kwenda kumwomba radhi. Nilikuwa naona haya. Nilimkuta kibarazani kwake anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikamwangukia miguuni. Akaniinua. "Nimekusamehe siku ile ile, ulipotoka mbio kumfuata padri. Na shehe wetu tumemalizana, mtu mwema yule. Aliniuliza, nikamweleza, akaniambia nilete istighfari, nimwombe Mola msamaha, nikaileta, tukaomba dua, tukanywa kahawa."

"Basi yamekwisha, Bi?"

Akapeta mchele kidogo. "Kaka yangu hajaja. Anasema hali chakula cha nyumba hii. Na majirani wawili watatu waliojifungua mwezi huu hawakuniita." Kisha akaniangalia kwa macho ambayo hayakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali yangekuwa nayo. "Nyie watoto mnaosoma sana, mnasema kitu mnakwenda zenu. Sie tunabaki nacho mtaani."

Aliacha kazi mwaka ule ule. Nilikuwa nikienda kumwona Idi na Idi, na kwenye Pasaka alikuwa akinitumia visheti. Kaka yake hakukanyaga pale Bi akiwa hai. Alikuja siku ya maziko yake, akasimama ubavuni mwa jeneza, analia kama mtoto mdogo. Nilikuwa ndani pamoja na wanawake, nikamsikia. Ulimi uliowatenganisha ndugu wale ulikuwa wangu.

Sasa usije ukasema Bibi kaacha dini, au Bibi anasema zote ni sawa. Sikusema hivyo. Asubuhi naamka kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na usiku nalala kwa jina hilo. Bi Mwanahamisi naye alikufa na shahada yake mdomoni, hakuitingisha hata siku moja. Wala hatukuhitaji kudanganyana ili tupendane. Nilichoacha ni kulishika jina la Mungu kama fimbo.

Hivyo nasaha yangu kwako ni hii, nayo si ndefu kwa sababu pumzi zangu fupi. Jifunze imani yako, tena ijue vizuri, usije ukashangiliwa kwa makosa kama mimi. Mtu akikuuliza kwa kutaka kujua, mjibu kwa upole, na usichokijua sema hukijui. Jambo la Mungu kukushinda si aibu. Akikuuliza kwa kutaka kupigana, mwachie uwanja. Ukiwa umemwahidi mtu, kaa naye, hata kama huko nje wanakungoja kwa vigelegele. Na ukikosa, usiifunike aibu yako kwa dini. Omba radhi mapema, siku hiyo hiyo, kabla neno lako halijavuka mtaa, maana kuna mlango ukishafungwa haufunguliwi na msamaha. Majuto ni mjukuu, wasema wahenga, na mimi sitaki mjukuu wangu ayarithi.

Haya, nisogezee huo mto mgongoni. Mungu akulinde ulimi kabla hajakulinda mguu. Akupe majirani wa kukuazima mdomo siku wako utakaposhindwa, na akupe moyo wa kuwaazima wako. Akukalie karibu, mwanangu, usiwe mpweke popote utakapokwenda, kama Yeye asivyokuwa mpweke. Amina.